Bahari ya Katoni

Nilikuwa nikipaka tabaka la tatu la samadi na majivu kwenye mlima mrefu kuliko yote, ule unaofuata pwani ya Norwe, wakati mama mkwe wangu alipokuja kukaa mlangoni na kibuyu chake cha maziwa. Sikuinua kichwa. Mkono wa tatu ukiuacha katikati unakauka na kupasuka, na nyufa zake huwezi kuziziba bila kuonekana. Nilikuwa nimebakiza kiasi cha kiganja.

Mlima huo ulikuwa wa chini ya maji. Juu ya meza yangu, hapa Rubondo, kwenye makazi yetu ya wakimbizi, nilikuwa nikiunda sakafu ya Bahari ya Kaskazini, ile iliyo kati ya Uingereza na Norwe, kwa katoni za mafuta ya msaada. Ni bahari yenye kina kifupi. Bara la Ulaya haliishii ufukoni, linaendelea chini ya maji kama uwanja mpana, na bahari imelala juu yake. Hayo aliniambia Enid, mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari ya wasichana kule Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi ukitoka Mbarara mjini. Mwaka uliotangulia, yaani 2008, alitembelea shule ya msingi ya hapa Rubondo akaona milima ya Itombwe niliyoiunda kwa udongo kwenye pembe ya darasa. Aliitazama mara mbili, akauliza ni nani aliyeifanya, kisha akaniagizia bahari hii kwa ajili ya darasa lake.

Sikuisomea kazi hiyo. Nilipokuwa kijana kule kwetu Kivu ya Kusini nilibeba vyombo vya wapimaji wa ardhi kwa miezi minne, na jioni mmoja wao alinifundisha kusoma ramani: mistari inayozunguka kilima, kila mstari na namba yake, namba ikikua unapanda. Mengine nilijifunza kwa kujaribu. Unahamisha mstari kutoka kwenye ramani, unakata katoni kwa kuufuata, unabandika katoni juu ya katoni kwa uji wa muhogo, halafu unafunika ngazi zote kwa samadi na majivu, kama wanawake wetu wanavyolainisha kuta za nyumba.

Mkuu wa shule yake, bwana Kezironi, hakuwa na imani nami. Alitaka kuagiza vifaa Kampala. Enid alimwomba angoje mpaka Ijumaa aje aone. Kama bahari yangu ingepokelewa, stoo iliyo nyuma ya maabara yao ingekuwa karakana yangu, na ningeunda vifaa vingine vitano. Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Tangu nivuke mpaka sikuwa nimepata meza ambayo kazi yake haiondolewi watu wakitaka kula, na nilikuwa naitaka meza hiyo kuliko nilivyokuwa nimemwambia mtu yeyote.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Mama mkwe, jina lake Nyirabizimana, alikaa akitikisa kibuyu na kutazama. Nyumbani kwetu mama mkwe hamwambii mkwe kosa lake ana kwa ana. Akiwa na neno juu yangu analipitisha kwa binti yake, hata kama sote watatu tuko chumba kimoja na nasikia kila kitu. Siku mbili kabla alikuwa ameuliza kwa njia hiyo kama nchi ile iko juu au iko chini. Nilijibu, kwa njia hiyo hiyo, kwamba iko chini, nikaendelea kubandika. Sasa alimwita tena Kampire, mke wangu, aliyekuwa akichambua maharage nje.

"Kampire, umuulize bwana yako. Mu ile inchi, ng'ombe zilikuwa zinakunywa maji fasi gani?"

Kampire alimwambia kwamba ile ni bahari, haina ng'ombe wala mahali pa kunyweshea.

"Miye sikuuliza kama ziko. Nauliza maji ingesimama fasi gani."

Nilimwomba Kampire amweleze kwamba maji yanafunika kote. Kampire alimweleza, ingawa alikuwa amenisikia. Mama mkwe alitikisa kibuyu kwa muda. Kisha akasema, akiwa amemkazia macho binti yake na si mimi:

"Umuambie, mutu akiingia mu ziwa anaanzaka na miguu. Mu hii yake, pa kingo ya maji mutu anazama yote, halafu akienda mbele anapanda mulima."

Aliendelea na kibuyu chake. Mimi nilikuwa nimeacha kupaka.

Niliichukua ramani. Ilikuwa fotokopi, karatasi mbili zilizounganishwa kwa selotepu, na mashine ilikuwa imekula ukingo wa chini palipokuwa na maelezo. Zilibaki namba tu. Karibu na pwani, kumi. Mbele kidogo, ishirini na thelathini. Kaskazini, mia na zaidi. Kando ya Norwe, katika ukanda mwembamba, hadi mia saba. Nilikuwa nimezipanda namba zile kama nilivyofundishwa kupanda kilima. Hazikuwa kimo, zilikuwa kina. Mwinuko mpana wa katikati, unaoitwa Dogger, ambapo maji ni mafupi, mimi nilikuwa nimeuchimba shimo. Na lile korongo la Norwe, lenye kina kirefu kuliko sehemu zote, lilikuwa limesimama mbele yangu kama mlima, tena limelainishwa vizuri.

Nilichota maji nusu kikombe nikayamimina taratibu juu ya kilele. Yaliteremka pande zote mpaka ufukoni yakasimama hapo, kwenye mstari ambapo mtoto angetakiwa kusimama na kulowa vidole. Niliyafuta kwa kitambaa kabla hayajaingia kwenye samadi.

"Mwambie asante," nilimwambia Kampire.

"Anakusikia."

"Mwambie hata hivyo."

Alimwambia. Mama mkwe aliitikia kwa kichwa, akamjibu Kampire kwamba si kitu, akainuka kupeleka maziwa ndani.

Saa kumi na moja alifika Semahoro na kopo la rangi ya bluu. Semahoro ni jirani yetu, seremala, ndiye aliyenitengenezea ubao wa chini na fremu yake. Alinikuta nimekaa, mikono magotini. Nilimweleza. Alizunguka meza, akainama na kuutazama mlima kwa jicho moja, kama anavyotazama mbao kuona kama imepinda.

"Papa Nehemiya," aliniambia, "batu ba Mbarara bameona chini ya bahari siku gani? Tupake bluu, tupeleke. Hakuna mwenye atazama mu maji aende kuhakikisha."

Sikumwona mbaya kwa kusema hivyo. Kazi yake ilikuwa haina kosa hata moja, na Ijumaa ilikuwa kesho kutwa. Nilimwambia tu kwamba wasichana wa shule ile watajifunza bahari kwa meza hii mwaka baada ya mwaka, na watajifunza kinyume. Alifungua kopo, akalifunga tena. Halafu akatoa wazo, na lilikuwa wazo zuri: tukandike udongo juu ya mlima wangu, ukikauka tuubandue na kuugeuza. Palipokuwa mlima patakuwa shimo, palipokuwa shimo patakuwa mlima. Alasiri moja, tumemaliza.

Nilitamani kulikubali papo hapo. Lakini nina desturi ya kujaribu kidogo kabla ya kikubwa. Nilikandika donge la udongo kwenye pembe ya Norwe, nikangoja lishike, nikalibandua na kuligeuza juu ya ubao mwingine. Korongo lilikuwa pale, zuri kabisa. Ila Norwe, ambayo iko mashariki, ilikuwa imehamia magharibi.

"Ni kama kashe ya ofisi," nilisema. Kashe ni muhuri, na sisi wakimbizi tumeutazama usoni mara nyingi tukingoja karatasi zetu. Maandishi yake yote yako kinyume.

Semahoro alitazama udongo, akatazama ramani. "Basi Uingereza anahamia kwa Norwe, na Norwe anahamia kwa Uingereza. Babaandikishe upya, bapewe na kadi ya chakula."

Tulicheka mpaka Kampire akaja kuuliza kuna nini. Nilipoinama kuokota kitambaa kilichokuwa kimeanguka, niliona katoni chini ya meza.

Kila nilipokata umbo kwenye katoni, palibaki katoni yenye tundu la umbo hilo. Nilikuwa nimebandika maumbo juu ya meza na kuyasukuma matundu chini yake. Lakini kina ni matundu. Ukizipanga zile katoni zilizobaki, yenye tundu dogo ikae chini kabisa na yenye tundu kubwa ikae juu, unapata bahari inayoshuka badala ya kupanda, na kila nchi inabaki upande wake. Kazi iliyo sawa nilikuwa nimeshaikata. Nilimwonyesha Semahoro kwa katoni mbili tu. Alizitenganisha, akazipanga tena mwenyewe, akavua kofia.

Hazikuwa zote pale. Nilikuwa nimeziandika namba kwa penseli, moja hadi kumi na mbili, kwa hiyo nilijua nilichokuwa nakitafuta. Nane zilikuwa chini ya meza. Moja ilikuwa imeziba dirisha la banda la kuku. Moja Semahoro alikuwa ameiomba wiki iliyopita, akamtandikia mbuzi wake aliyezaa. Alikwenda kuileta, akairudisha ikiwa na tundu la ziada. Mbili Kampire alikuwa amewashia moto, akalisema hilo bila kuona haya, maana nilikuwa nimemruhusu. Na vile vipande vidogo vya katikati, visivyoshikamana na kitu, ambavyo kazi yake ni kuunda Dogger, vilikuwa vimefagiwa siku nyingi.

Alhamisi asubuhi nilipanda nyuma ya kanisa, mahali penye mtandao, nikampigia Enid. Enid ni binti wa sajini, alikulia katika kambi ya jeshi Mbarara, na Kiswahili chake ni cha kambini, kifupi na kisicho na mapambo. Nilimweleza kwa mpangilio, kuanzia namba mpaka kuku.

"Fundi," alisema, "hiyo fotokopi ni mimi nilitoa. Hayo maneno ya chini ni mimi nilikata."

Nilimwambia hata hivyo nilikuwa na mdomo wa kuuliza, na sikuuliza. Alisema Ijumaa haiwezi kusogezwa, mkuu ameshatenga gari, na mkuu akiahirisha kitu mara moja hakirudi tena.

"Sasa kesho ataona nini?"

"Ataona mbili. Mbaya imekwisha. Nzuri haijakwisha."

"Banange," alisema Enid, yaani jamani. Halafu akasema sawa, tuonane kesho.

Siku ile yote tulifanya kazi. Katoni ya kuku niliipangusa, nikaiweka chini ya matofali inyooke. Ile ya mbuzi niliiziba tundu lake kwa kiraka. Mbili zilizoungua nilizikata upya kutoka kwenye ramani. Mama mkwe alipika uji wa muhogo mzito kuliko ule wangu, akamwambia Kampire aniambie kwamba ule wa kwanza ulikuwa maji matupu. Ulikuwa kweli maji matupu. Tulianza na korongo la Norwe, maana ndilo la chini kabisa, tukawa tunapanda. Kila katoni niliipima pembe nne kabla ya kuibandika, nikaikandamiza kwa matofali, nikangoja. Kazi ya namna hii huwezi kuiharakisha kwa kuongeza mikono, unaiharakisha kwa kutorudia. Mpaka Ijumaa mchana tulikuwa tumefika mita sitini.

Walifika saa nane, gari la shule limejaa vumbi. Bwana Kezironi ni mrefu, viatu vyake vinang'aa, na alisalimia kila mtu kwa zamu yake, mama mkwe kwanza. Nilipenda hilo. Ndani, meza zilikuwa mbili, yangu na nyingine ya kuazima kanisani. Juu ya moja ulisimama mlima laini uliokauka bila ufa hata mmoja. Juu ya nyingine palikuwa na katoni zilizopangwa, kingo zake hazijafunikwa bado, maandishi ya mafuta yanaonekana, na shimo jeusi upande mmoja.

Alikwenda moja kwa moja kwenye mlima. Aliupitisha kiganja kutoka pwani mpaka kileleni, akaurudia. Alibonyeza kwa kidole gumba, ukamstahimili. Kisha akamgeukia Enid.

"Hii ndiyo mimi nataka. Hii ni kazi. Hata Kampala hawawezi." Aliinua kidevu upande wa meza ya pili. "Hiyo ingine ni nyumba ya panya."

Enid hakusema kitu. Enid alinitazama. Kezironi aliingiza mkono mfukoni akatoa funguo mbili kwenye kipande cha waya, akaziweka mezani karibu na Uingereza. Alisema stoo imekwisha kufagiwa, na gari liko nje, tunaweza kuipakia sasa hivi.

Nilizitazama zile funguo. Semahoro, aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango, alikohoa. Nilijua anachofikiri, maana na mimi nilikuwa nakifikiri.

"Mwalimu mkuu," nilisema, "hiyo siwezi kukupa. Siyo bahari. Nilikosea kusoma."

"Unanikataza kitu chako mwenyewe, kimeisha?"

"Wewe ni mtu wa hapa karibu na Rwizi. Ukiingia mtoni, unaanza kulowa shingo?"

Alifikiri kwanza. Halafu akacheka kwa pua, akaja kwenye meza ya pili. Nilimshika mkono, nikauweka ufukoni mwa Uingereza, nikauteremsha ngazi kwa ngazi, kwanza zile za kubuni, kumi hadi hamsini, ambazo bado hazijabandikwa, kisha zile zilizokuwepo, sitini, themanini, mia. Nilimpeleka kaskazini, halafu mashariki, mpaka vidole vyake vikaanguka kwenye korongo la Norwe na kiwiko kikafuata. Aliuacha mkono humo.

"Na hapa katikati?" aliuliza. "Hapa hakuna kitu."

Enid ndiye aliyejibu, kwa mara ya kwanza tangu waingie. Alisema hapo ndipo Dogger itakapokaa, mwinuko mpana, na kwamba zamani sana, kabla maji ya bahari hayajapanda, palikuwa nchi kavu yenye majani. Wavuvi wa kule wanapoburuta nyavu chini, hutoa mifupa. Mifupa ya wanyama wakubwa wa kale, na ya ng'ombe wa mwitu.

Kampire alimtafsiria mama yake kwa lugha yetu, ingawa sidhani kama palihitajika. Nyirabizimana alikaa wima.

"Umuulize huyu mwalimu," alisema, "zilikuwa zinakunywa maji fasi gani."

Enid hakujua desturi yetu, akamjibu yeye mwenyewe, uso kwa uso. Alikuja mezani na kumwonyesha bonde lililo kusini mwa Dogger, ambalo wakati ule, alisema, huenda lilikuwa ziwa. Mama mkwe alilipima kwa macho kutoka pale alipokaa. Alisema ni mbali kidogo kwa ndama, lakini inawezekana.

Kezironi alitoa mkono wake shimoni, akapangusa vumbi la katoni. Alizichukua funguo kutoka kwenye meza ya mlima. Nilidhani zinarudi mfukoni. Alimpa Enid.

"Kaa na hii. Jumanne nitatuma gari. Hiyo kitu ikija imekwisha, wewe fungulia yeye mlango, usiningoje mimi." Kisha kwangu, akiniita bwana kwa lugha ya kwao: "Na usiniletee hii nzuri, ssebo. Nitaipenda tena. Leta ya panya."

Nilimwambia Jumanne itakuwa tayari. Sikusema nitajaribu. Nilikuwa nimezihesabu katoni na siku, nikaondoa Jumapili, na zilitosha.

Gari lilipoondoka tulirudi mezani. Semahoro alichukua vipimo vya fremu mpya, maana bahari hii ilikuwa nyembamba kuliko ile ya kwanza kwa upana wa kidole. Kampire alileta uji ukiwa bado moto. Niliipima katoni ya hamsini pembe nne, nikaishusha, tukaikandamiza Kampire na mimi kutoka katikati kuelekea nje ili hewa isibaki, tukaipanga matofali juu yake.

Iliyofuata ilikuwa ya arobaini, na hiyo ndiyo ya kwanza ambayo Dogger inaanza kutokea, kipande peke yake katikati ya tundu, hakijashikamana na upande wowote. Lazima kipimwe kutoka pwani zote mbili kabla ya kubandikwa, la sivyo kitaelea popote. Niliuhamisha mstari wake kwenye katoni kwa penseli, nikaufuata nusu. Kisha mwanga ukaanza kupungua na nikaona penseli na kivuli chake vimekuwa kitu kimoja. Niliweka alama pale nilipofika, nikafunga wembe kwenye kitambaa. Semahoro aliuliza kama aje saa kumi na mbili asubuhi au saa moja. Nilimwambia saa moja, uji wa usiku unataka muda wake wa kushika. Kampire alitandaza nailoni juu ya meza yote kwa ajili ya kuku, na tukatoka nje kunawa mikono.